Simbi Zilizovaa Mchanga

Kanoni, upande wetu unaoshuka kuelekea bondeni, jua likishapoa ilikuwapo sauti ambayo mgeni angedhani ni mvua iliyoanzia kwa jirani. Shwaa, shwaa, kimya kidogo, halafu shwaa tena. Haikuwa mvua. Alikuwa Bibi yangu, Evaresta, anaosha kibuyu cha mtu.

Aliketi mbele ya jiko, miguu ameinyoosha, kibuyu kimelala mapajani. Ndani mlikuwa na maji, konzi mbili za mchanga, na simbi. Simbi ni makombe ya baharini. Hizi za kwake zilikuwa kubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, na migongo yake ilikuwa tuta na mfereji, tuta na mfereji, kama shamba la viazi ukilitazama kutoka mlimani. Alikishika kibuyu shingoni na kitakoni akakiyumbisha, na zile simbi zikawa zinazunguka humo ndani pamoja na mchanga, zinakwangua ukoko wa rubisi ya zamani. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, na ukoko wake ukikaukia ndani ya kibuyu huwezi kuutoa kwa mkono, maana mkono haupiti. Kwa Bibi, baada ya siku tatu nne, kibuyu kilitoka kinanukia maji tu.

Alizaliwa Igurwa, katika nyumba ya watu waliopanda vibuyu pembezoni mwa kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Aliolewa Kanoni mwaka 1972 na Babu Clavery, ambaye mimi namkumbuka kidogo sana. Kazi ya kuosha hakuja nayo. Aliikuta kwa mama mkwe wake, na mama mkwe hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Yule mama alikuwa anaosha kwa changarawe. Siku moja akampa Bibi kibuyu na changarawe, akaenda zake kanisani. Aliporudi kibuyu kilikuwa na ufa kutoka shingoni hadi tumboni, kwa sababu Bibi alikitikisa kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Bibi anasema mama mkwe hakugombana naye hata kidogo. Ila wiki nzima alikuwa anamsemesha kupitia mbuzi. "Mbuzi, mwambie huyo mwenzako maji yamekwisha mtungini." Bibi akifika hapo kwenye hadithi alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka uliofuata Babu akaenda Tanga, Jeshi la Kujenga Taifa. Alimwahidi mkewe doti ya kanga za pwani, na Bibi akawatangazia wanawake wote wa kisimani. Babu alikaa huko karibu miaka miwili. Siku anarudi, amekonda na amekuwa mweusi wa jua, akafungua begi mbele ya watu wote waliokuja kumpokea, akatoa kopo la mafuta ya kupikia limejaa simbi. Kanga hakuna. Akasema amemletea mkewe bahari.

Bibi akamjibu mbele ya wageni kwamba bahari haifungwi kiunoni.

Kesho yake Babu alipokwenda shambani, Bibi akachukua kibuyu kimoja kilichonuka ukoko wa zamani, akamimina zile simbi zote humo, mchanga mwingi, maji kidogo, akaanza kutikisa. Hakuwa anaosha. Alikuwa anasaga. Alitaka Babu akirudi akute bahari yake imekuwa uji. Alitikisa mpaka mchana, akapumzika, akatikisa tena mpaka jioni. Alipomwaga akaona zile nyembamba, zenye mgongo laini, zimeanza kuvunjika na kuliwa pembeni. Lakini zile za matuta zilikuwa kama zilivyokuja. Akaendelea siku ya pili, siku ya tatu, hasira haijaisha. Mama mkwe akapita, akasimama, akatumbukiza kijiti ndani ya kile kibuyu, akakinusa. Kibuyu kilikuwa cheupe ndani kama kimekatwa jana, na hakikuwa na ufa.

"Endelea hivyo hivyo kukasirika," akamwambia. Ndivyo mama mkwe alivyomkabidhi kazi.

Hiyo ilikuwa zamani sana, na mimi nilizikuta simbi kumi na moja, nyingine zilipotea au aliwagawia watu. Nilizishika kila siku tangu nikiwa mdogo. Ukipitisha kidole mgongoni bado unahesabu matuta. Yalikuwa yamepungua makali tu, kama ngazi ya kanisa. Watu walijaribu kumwiga. Mama mmoja wa Kiruruma alileta makombe ya ziwani kutoka Bukoba, yale laini yanayong'aa, akayatia na mchanga. Hayakumaliza mwezi. Yaliisha, na unga wake ukaganda kwenye kibuyu, rubisi ikawa na ladha ya tope, na mume wake akawa anaulizwa na wenzake kama siku hizi anavua samaki.

Bibi alikuwa na sharti moja ambalo nikiwa mtoto sikulielewa. Akimaliza kazi alizisuuza simbi mara moja tu, akazianika kwenye jani la mgomba. Zikikauka, kila mfereji ulikuwa na mstari wa mchanga mwembamba umeshika humo. Mimi nilikuwa napenda kuutoa kwa mwiba wa mchungwa, mstari mmoja mmoja. Akanikuta siku moja, akaninyang'anya mwiba.

"Usizivue nguo," akasema. "Hiyo ndiyo inayozilinda."

Nikadhani ni maneno tu. Halafu mwalimu wangu wa darasa la tatu, Mwalimu Rwezaura, mtu wa Muleba aliyekuwa amepanga jirani, akaja na kibuyu cha mama yake. Alikuwa na ile lenzi ya kusomea maandishi madogo. Akakaa na Bibi jioni nzima, anatazama simbi moja baada ya nyingine, na mimi akaniachia nikatazama. Kwenye lenzi mfereji ulikuwa kama korongo, na chembe za mchanga zimejipanga chini yake zimekabana. Mwalimu akaeleza kwamba mchanga mpya unapokuja kusugua, unakutana kwanza na mchanga ulioingia mferejini. Unasuguana wenyewe kwa wenyewe, chembe nyingine zinabiringika juu ya matuta na kupita, na simbi yenyewe inaguswa sehemu ndogo tu. Mgongo laini hauna pa kuuweka mchanga, kwa hiyo kila chembe inaukwaruza kote. Akasema hata huko baharini simbi hizi zinaishi kwenye mchanga na mawimbi yanazisugua usiku na mchana, ndiyo maana zimeumbwa hivyo.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akamwambia, mwalimu, hayo mimi nayajua, ila sikujua kama yana darasa.

Babu Clavery alifariki nikiwa na miaka minne. Tulimzika nyumbani, kati ya mibuni, mahali Bibi akikaa jikoni anapaona. Baada ya hapo madumu ya plastiki yakazidi. Dumu halivunjiki, dumu linaoshwa kwa sabuni, dumu unapanda nalo pikipiki. Vibuyu vikawa vinatolewa kwa posa na kwa harusi tu, na siku hizi hata huko wengine wanapeleka dumu wakalifunika kitenge. Bibi akawa anapata kazi mbili tatu kwa mwaka. Miezi mingine sauti ile haikusikika kabisa, na watu wakipita wanauliza kama yu mzima.

Mama yangu, Mackrine, ni mtoto wake wa pekee aliyebaki. Yeye anauza vitambaa Bukoba na mimi aliniacha kwa Bibi tangu nikiwa na miaka miwili. Kwa miaka mitatu alikuwa anamwomba Bibi ahamie kwake. Bibi alikuwa anajibu kwamba nyumba yake iko hapa, kibanja chake kiko hapa na mume wake yuko hapa. Mama alikuwa na sababu. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Tulikuta funguo ndani ya unga. Alinisalimia mara mbili asubuhi moja. Siku moja chungu cha maharage kiliungua mpaka kikapasuka, na Mama alipokuja akauliza ni nani, Bibi akanitaja mimi, na mimi nikakubali.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Mzee Rwegoshora wa Kiruruma alikuja na kibuyu kwenye baiskeli, amekizungushia blanketi. Kilikuwa kibuyu kikubwa, cha baba yake, kimekaa darini miaka kumi na moja na mabaki ya rubisi ndani.

"Waitu, nimekuletea mgonjwa," akamwambia Bibi kwa heshima ya kwetu.

Kijana wake, Winston, alikuwa anaoa kwa Mzee Kahigi wa Nkwenda, kule Kyerwa. Kahigi alishatuma neno kwamba binti yake hatoki kwa dumu la mafuta ya kula. Rubisi ya wakwe ije ndani ya kibuyu, na yeye ataonja mwenyewe. Mwenzake mmoja aliwahi kuletewa rubisi inayonuka ukungu, akairudisha na harusi ikalala miezi minne. Harusi ya Winston ilikuwa imebakiza siku kumi na tatu.

Mama alikuwepo siku hiyo. Alikitazama kibuyu, akamtazama Bibi, na Rwegoshora alipoondoka akasema kwamba Bibi asiipokee kazi ya namna ile, kwamba akikosea ataharibu harusi ya watu na jina lake. Bibi akasema mikono yake haijasahau kitu. Wakabishana taratibu, kama watu wanaopatana bei, mpaka Mama akatoa neno lake.

"Kikitoka salama, sitakuambia tena habari za Bukoba. Utakaa hapa mpaka mwisho. Kisipotoka, unakuja na mimi. Umekubali?"

Bibi akasema, "Andaa chai. Nimekubali."

Mama akarudi Bukoba, akaahidi kuja siku ya harusi.

Kibuyu cha namna hiyo kina utaratibu wake na Bibi alikuwa anauhesabu kwa vidole: chachu, majivu, mchanga. Kwanza unamimina rubisi iliyochacha kabisa, kali ya kukunja uso, unaiacha ilainishe ukoko siku mbili. Halafu unaimwaga, unatia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo yanaua uchachu wote. Mwisho ndipo mchanga na simbi. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi sana.

Jumatatu akamimina chachu. Nilikuwa namenya ndizi, yeye amenipa mgongo, wanajumuiya wa kanisani wamekuja kumsalimu na wanaongea wote kwa pamoja. Walipoondoka akaziba mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba na kukiegesha ukutani. Jioni nilipopita karibu nikasikia kibuyu kinatoa sauti ndogo, sss, na povu linachungulia pembeni ya jani. Nikajua rubisi inafanya kazi yake. Sikuuliza.

Jumatano asubuhi akakiinua kukimwaga, na ndani kukagonga. Kak, kak. Tukatazamana. Akakiinamisha juu ya beseni, na simbi zikatoka moja moja pamoja na chachu.

Zilikuwa nyeupe kama chaki. Matuta yalikuwepo, lakini yamelala, kama matuta baada ya mvua kubwa. Bibi akachukua moja akaisugua kwa kidole gumba na kidole kikabaki na unga. Ule mchanga wa mifereji ulikuwa umetoka wote. Mchanga ulizisugua miaka karibu hamsini haukuziweza, na chachu ikazila kwa siku mbili.

Alikaa chini. Akahesabu vidole vyake, chachu, majivu, mchanga, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeangalia kama vidole vimetimia. Kisha akanyanyuka akaenda kuchota majivu.

Akakisafisha kwa majivu siku hiyo yote. Alhamisi akatia mchanga na zile simbi akaanza kuyumbisha, na sauti haikuwa ile. Ilikuwa nzito, kama mtu anatafuna. Mpaka jioni simbi nne zilikuwa zimekatika. Ijumaa zikabaki vipande. Jumamosi akamwaga beseni zima la uji mweupe, na ndani ya kibuyu, akimulika kwa tochi ya simu, ukoko ulikuwa umetoka nusu. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Nilimwambia labda tumpigie Mama. Akaniuliza Mama ana simbi?

Alichofanya ni kunituma kijitoni nichote changarawe. Nilileta ndoo nzima. Akaimwaga kwenye ungo akaanza kuchagua, moja moja, kama anachambua kahawa. Za duara kabisa akazitupa, alisema hizo zinatembea tu hazifanyi kazi. Zenye ncha akazitupa, hizo ndizo zilizomletea mazungumzo na mbuzi. Akabakiza zenye umbo la punje ya kahawa, ubavu mmoja bapa, konzi tatu. Ilimchukua mpaka jioni.

Hakukitikisa. Alifunga kata kubwa ya maganda makavu ya mgomba, akakilaza kibuyu juu yake, akawa anakiviringisha tu, robo duara kwenda, robo duara kurudi, mkono mmoja juu na mwingine chini, ameinama sikio karibu kabisa na tumbo la kibuyu. Nilitaka kumpokea, akakataa. Akasema hata yeye hajui anachofanya, anasikia tu. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu viganja vilikuwa vimevimba, akavipaka samli. Jumanne mchana kukasikika tak, na akaacha kila kitu. Akakaa ametulia na mikono juu ya kibuyu, hata hapumui vizuri. Akapitisha ulimi kwenye kidole, akapitisha kidole kwenye ngozi ya kibuyu, pole pole, anatafuta ufa. Lilikuwa jiwe limegonga shingo. Akaendelea.

Siku zile niliona uso ambao sijawahi kuuona. Alikuwa anahangaika, ndiyo, lakini pia alikuwa kama msichana. Alikuwa anamsema mama mkwe wake, "Wewe mama, ungesema tu. Ungesema tu tangu mwanzo kwamba kinaviringishwa." Anacheka, anaviringisha. Mara anamwambia Babu, kana kwamba yuko jikoni, kwamba bahari yake ameimaliza mwenyewe, amepata alichokitaka siku ile ya kanga.

Alhamisi akakijaza maji mpaka shingoni na kukisimamisha juu ya majivu makavu. Ijumaa asubuhi tuliamka kabla ya kuku. Majivu yalikuwa makavu. Akanusa mdomo wa kibuyu, akanipa na mimi ninuse. Hakikuwa na harufu yoyote.

Rwegoshora alikuja kukichukua, na Jumamosi tukaenda Nkwenda, mimi na Bibi na Mama, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo na kutukuta njiani. Wanaume wa Kiruruma walikileta kibuyu kimejaa rubisi, kimezibwa kwa jani, wakakiweka mbele ya Mzee Kahigi. Shangazi zake walikuwa wamekaa nyuma yake, wanamtania Rwegoshora kwamba kama ni maji aseme mapema wachemshie chai. Kahigi hakucheka. Alifungua jani na kuinama akanusa kwanza, muda mrefu. Bibi alikuwa ameshika ncha ya kanga yake. Mama alikuwa anamtazama Bibi, si kibuyu.

Kahigi akamiminiwa, akanywa, akafuta mdomo. Akauliza nani ameosha. Rwegoshora akamwonyesha Bibi kwa mkono.

"Basi," Kahigi akasema, "mtoto wako kapata mke, na mimi nimepata kinywaji. Mama, shikamoo."

Alikuwa mzee kama Bibi, pengine kumzidi. Watu wote wakacheka, shangazi wakapiga vigelegele, na Bibi akaitikia marahaba. Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa anamwita mshindi.

Jumapili baada ya misa tulikaa uani. Mama alishafunga begi lake, dogo lile lile alilokuja nalo. Akasema neno lake analishika, hatamsumbua tena. Bibi akamwambia akae.

"Nilisahau majivu," Bibi akasema. "Nilitia simbi kwenye chachu. Zimekwisha zote."

Mama akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Lakini kibuyu kimetoka."

"Mikono ndiyo iliyokitoa. Kichwa hakikuwepo."

"Ungenyamaza tu, Mama." Alisema kama anamwomba. "Mimi nilishakubali. Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza. Juzi nimesahau majivu. Siku nyingine nitasahau moto, na huyu mtoto amelala ndani." Akanyoosha kidole kuelekea kwangu bila kunitazama. "Kile chungu cha maharage hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

Miaka mitatu Mama alikuwa anaomba neno hilo, na sasa amepewa alikuwa amekaa kwenye kigoda anang'oa majani yaliyoota kati ya mawe ya uani, moja moja, na pua inamtiririka. Bibi akamwacha ang'oe. Halafu akaanza kutaja masharti yake kana kwamba ndiye aliyekuja kuposa. Atakuja tukishamaliza kuvuna kahawa, si kabla. Kaburi la Babu mtu alilimie kila mwezi, na Mama ampe jina la mtu huyo. Na yeye akifa asizikwe kokote kule, aletwe. Mama akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kwa kila moja.

"Na usinipikie wali kila siku kama mgonjwa."

"Ndizi Bukoba zipo, Mama."

"Zipo. Nimezila."

Akanyanyuka kwa kushika goti, akachukua panga pale ukutani, akasema Mama hawezi kuondoka mikono mitupu. Akaingia kwenye kibanja. Sisi tukabaki uani, tukawa tunamsikia akipita kati ya migomba, anapapasa mikungu, anaisemesha mmoja mmoja.

"Wewe bado. Wewe bado. Wewe naye, mvua moja tu. Wewe haya, twende."